Upande wa Mbele, Saa Tisa Alasiri

Javan, ndugu yake marehemu Zablon, alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi yangu pale Lurambi, natafuta ufunguo mkobani. Alisema, "Jentriks, mama ametuacha." Sikuwa nimeisikia sauti yake kwa miaka mingi, wala sikujua kwamba nambari yangu bado alikuwa nayo. Nilienda Matungu siku ya mazishi, nikaketi chini ya hema jeupe la kukodi, kwenye kiti cha plastiki kilichovishwa kitambaa, na Mama Rasoa akazikwa vizuri, kwa nyimbo na kwa chakula cha kutosha. Siku hizi mahema hufunika boma zima, kuanzia mlango wa nyumba hadi langoni, na hakuna mtu anayeangalia jua limefika wapi. Mimi niliangalia. Niliinama kama mtu aliyeangusha kitu, nikatafuta pale chini alama ya kivuli cha nyumba ya Zablon, lakini hema lilikuwa limekimeza. Niliporudi nyumbani nilipika ugali wa mtu mmoja, nikaula nikiwa nimesimama, na nikaelewa kwamba sasa hakuna mwingine aliyebaki ambaye mwaka ule ulimgusa kama ulivyonigusa mimi. Ndiyo maana nauandika, ingawa kuandika si kazi yangu. Kazi yangu ni kuchora.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili na Kakamega bado ilikuwa munisipali. Nilikuwa nimemaliza kozi fupi ya uchoraji wa majengo, ile ya kujifunza kwa rula na meza, na kompyuta nilikuwa naijua kidogo tu, kama mtu anayejua kuendesha baiskeli lakini hajawahi kuiingiza barabarani. Zablon ndiye aliyeniajiri. Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye mabega yaliyoinama kwa kazi ya kuinamia meza. Watu wote wa jengo lile walimwita Injinia ingawa hakuwa injinia, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Sitaki msomaji asubiri jambo ambalo mimi nilikuja kulijua mapema: katika mwaka ule Zablon alijua kwamba anakufa, na alitaka kitu kimoja tu. Alitaka nyumba yake isimame kwao Matungu kabla hajalazwa mbele yake, na alitaka nyumba hiyo iweke kivuli mahali ambapo mama yake angekaa siku hiyo ya mazishi.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja nasi na kuketi nasi siku nzima, hata karatasi zikatoka zikinuka hivyo, na wateja wengine walinusa ramani zao kabla ya kuzikunja. Chumba kilikuwa na madirisha mawili, kompyuta mbili kubwa zenye migongo kama magunia, na meza ya zamani ya kuchorea ambayo hatukuitumia tena ila kwa kuwekea vikombe. Umeme ulipopotea, kisanduku cha betri cha chini ya meza kilianza kulia, na tulikuwa na muda mfupi tu wa kuhifadhi kazi kabla skrini haijafa. Baada ya hapo tulikaa kimya, kila mtu akiangalia dirisha lake. Zablon hakuwa mtu wa maneno mengi na mimi nilikuwa mgeni mjini. Kuna siku ambazo neno refu zaidi tuliloambiana lilikuwa jina la faili.

Chumba changu kilikuwa Shirere, katika mstari wa vyumba vya mabati vilivyojaa wanafunzi wa chuo. Ukuta uliotutenganisha haukufika hadi juu kwenye paa, kwa hiyo maisha ya jirani yalimwagika kwangu kama maji. Upande mmoja walikaa vijana wawili. "Buda, si ulisema utapika leo?" mmoja angeuliza. "Nilipika jana, boss. Leo ni zamu yako." "Jana ulichemsha maji ukaita supu." Wakacheka, nami nikacheka huku kwangu, taratibu, wasinisikie. Nilikuwa na kitanda, stovu ya mafuta ya taa, sufuria mbili na kiti kimoja. Jumapili nilinunua kipande cha ingokho, yaani kuku, pale kwa njia nikakipika kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji, ili kelele ya sufuria iwepo. Sasa nina nyumba yenye jiko lake na sebule yake, na bado najikuta nafanya vivyo hivyo. Naacha kitu kichemke. Zamani nilidhani upweke ni jambo la ujana na la vyumba vya kupanga.

Kazi aliyonipa Zablon ilikuwa elevesheni, yaani sura ya nyumba ukiitazama ukiwa umesimama mbele yake, au kando, au nyuma. Ni mchoro bapa. Kila kitu kinakaa kwenye karatasi moja kama nguo iliyopigwa pasi, na mtu asiyezoea hawezi kujua kama dirisha limeingia ndani ama limetokeza nje, au kama kuna veranda ama ni mstari tu. Ndipo kivuli kinapohitajika. Nilifundishwa chuoni kwamba jua hutoka kushoto juu, linashuka kwa mlazo, na kivuli kinachoanguka chini ya ukingo wa paa kina urefu sawa na vile ukingo umejitokeza. Kwenye kompyuta nilinakili mstari wa paa, nikauteremsha kwa mlazo ule, nikakata ncha zake, kisha nikajaza kijivu katikati. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo na nyumba ikatoka kwenye skrini, ikawa na uso, na mashavu, na mahali pa kujificha mvua, nilisahau kwenda kula. Zablon alikuja akasimama nyuma yangu akatazama.

"Hii veranda umechorea kuku?" akauliza.

"Ni ya watu, Injinia."

"Kivuli chake ni chembamba. Mtu akikaa hapo, magoti yanabaki nje." Akagusa skrini kwa kidole, akaacha alama. "Ukitaka kujua kama nyumba ina adabu, angalia kivuli. Kama hakuna kivuli, mgeni atasimama wapi akipiga hodi?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu. Lakini nilianza kuyangoja. Nilipotembea kurudi Shirere jioni nilikuwa naangalia nyumba za watu, mabati yaliyojitokeza na yasiyojitokeza, na nilijua ni nani mwenye adabu kando ya barabara ile.

Chakula cha mchana kililetwa na mama mmoja tuliyemwita Auntie Flora, aliyekuwa na kibanda nyuma ya jengo. Alipanda ngazi akihema, akasimama mlangoni akitaja vyakula kama mtu anayeita majina ya darasa. "Iko mrenda, iko omena, iko maharagwe, na ingokho iko kidogo." Zablon aliagizanga obusuma, ugali wa kwao, na mboga ya mrenda kila siku. Kisha karibu na Pasaka akaanza kuagiza wali. Kisha viazi vya kuponda. Kisha siku moja akasema aletewe chai na mandazi, na nikamwona akilichovya andazi kwenye kikombe mpaka likawa uji, akalimeza akiwa amefumba macho, mkono mmoja juu ya meza umekunja ngumi.

"Chai ndio chakula?" Auntie Flora akamwambia. "Mwanaume mzima anakulanga chai? Utaoa na nguvu gani?"

"Nitaoa na mandazi," akasema, na Auntie Flora akashuka ngazi akicheka.

Alipokwisha kwenda, Zablon aliniambia. Hakugeuza kiti. Alisema akiangalia skrini yake. "Ni koo. Si hapa juu, ni hapa chini. Chakula hakipiti."

"Umeenda kwa daktari?"

"Nimeenda Eldoret. Ile wiki nilikuambia naenda kupima shamba."

"Wakasema nini?"

"Wakasema nimechelewa kidogo." Alisema hivyo, kidogo, kama mtu aliyechelewa kuingia kanisani. Mimi sikulia na sikusema pole. Nilimuuliza kama nizime kompyuta. Mpaka leo sijui nilimaanisha nini, lakini yeye hakushangaa. Alisema hapana, ile kazi ya mteja wa Mumias inatakiwa kesho.

Baadaye katika wiki ile alinieleza habari ya nyumba. Kwao, mwanamume akifa akiwa hajajenga, jamaa humjengea kibanda haraka haraka, cha mabati ya kuazima, ili asilazwe nje kama mpita njia. Matanga yakiisha kibanda hung'olewa na mabati hurudi kwa wenyewe. Zablon alikuwa amechorea watu nyumba katika pande zote za mji na hakuwa na hata jiko kwao. Hakuwa na mke pia. Kwa nini, hakusema na mimi sikuuliza. Aliuza alichokuwa nacho na kusema nyumba ianze. Lakini hakuniambia hayo kwa uchungu. Uchungu ulikuja alipotaja mazishi ya kaka yao mkubwa, Hezron. Huko kwao miwa imelimwa mpaka kwenye ukuta wa nyumba na miti imekatwa yote. Siku ile kulikuwa na turubai moja, na chini yake waliketi mchungaji na kwaya. Mama wa marehemu huketi kwenye mkeka, karibu na sanduku, mbele ya nyumba, na hatoki hapo mpaka mambo yaishe. Nyumba ya Hezron ilikuwa fupi na haikuwa na veranda. Mama Rasoa aliketi juani tangu salamu za kwanza mpaka akaanguka.

"Watu walisema ni uchungu," Zablon akaniambia. "Waliimba ule wimbo wa kumfariji, wakampepea na leso. Uchungu ulikuwako. Lakini ilikuwa jua. Mimi nilimshika shingo, ilikuwa inachoma kama sufuria."

Basi nikachora nyumba yake. Alinipa vipimo, nikachora vyumba, nikainua kuta, kisha nikaja kwenye upande wa mbele na nikataka ipendeze kuliko nyumba zote nilizowahi kuchora. Niliweka jua kushoto juu kama nilivyofundishwa. Ukuta ukang'aa, madirisha yakaingia ndani kwa kivuli chembamba kizuri, na veranda ikawa na utepe wa kijivu chini ya paa. Nikamwita. Akavuta kiti akaketi.

"Lango letu liko wapi?" akauliza.

"Umesema mashariki."

"Na nyumba inaangalia lango. Basi hii umechora ni asubuhi."

"Ndiyo inapendeza, Injinia."

"Mimi nataka saa tisa."

Nilimwambia kwamba saa tisa jua litakuwa nyuma ya nyumba, na upande wa mbele wote utakuwa kijivu, hakuna kitu kitakachojitokeza. Nilimwambia hakuna mteja anayetaka kuona nyumba yake hivyo.

"Mimi nataka kuiona hivyo," akasema. "Watu wetu wanazikanga saa nane, saa tisa. Nataka kuona kivuli kimefika wapi."

Kwa mchoro bapa haiwezekani kujua hilo, kwa sababu kivuli kile kingeanguka chini, kikamjia mtazamaji. Tulikuwa na programu nyingine, ya kuinua nyumba ionekane pande zote, na ndani yake kulikuwa na jua ambalo ungeweza kuliweka saa unayotaka. Niliingiza nyumba humo, nikaweka saa tisa, na kivuli kikaanguka kirefu sana, kikaelekea upande wa ajabu, kama cha jioni ya mwisho. Zablon akatazama, akaanza kucheka, na kicheko kikamuumiza koo. "Jentriks, hili ni jua la watu wengine." Programu ilikuwa imewekwa mji wa mbali, huko kwenye baridi, na sisi siku zote tulikuwa tumewachorea watu wa Kakamega nyumba chini ya jua hilo na hakuna aliyelalamika. Tulitafuta kwenye orodha ya miji. Kakamega haikuwapo. Tukachukua Kampala, kwa sababu ni karibu na jua lake haliwezi kutofautiana sana na letu.

Kisha programu ikataka mwezi. Jua la kwetu halikai mahali pamoja. Katikati ya mwaka linapita upande wa kaskazini na mwisho wa mwaka linapita kusini, na kivuli huegemea kwa kulifuata. Niliuliza bila kufikiri, kama vile ningemuuliza mteja yeyote, mikono yangu ikiwa juu ya vitufe. "Niweke mwezi gani?"

Nilisikia chini, dukani, mtu akiuliza kama dawa ya minyoo ya mbuzi inafaa kondoo. Ndipo nikaelewa nilichouliza, na nikabaki nikiitazama ile nafasi tupu kwenye skrini, na ile alama ndogo inayowaka na kuzima, inasubiri.

"Weka Desemba," akasema hatimaye. "Tukipita hapo tutabadilisha."

Nikaweka Desemba. Kivuli cha veranda kikalala mbele ya nyumba, kimeegemea kidogo upande wa kaskazini. "Sasa chora mkeka," akasema. Ndani ya programu kulikuwa na vitu vya kupambia michoro: magari, miti ya aina isiyoota kwetu, wanawake wembamba wenye mikoba. Mkeka haukuwapo. Nilichora mstatili, nikauweka alipoonyesha, na nusu yake ikabaki juani. Basi tukaanza kuurefusha ukingo wa veranda. "Sogeza," alisema. "Sogeza tena. Nitakuambia." Nilisogeza, kivuli kikasogea, mpaka kikaufunika mkeka wote, na Zablon akavuta pumzi kama mtu aliyefika mahali. Nyumba ilikuwa imeharibika kidogo. Veranda ilikuwa kubwa kuliko sebule. Lakini tuliichapisha hivyo, upande wa mbele, saa tisa alasiri, yote kijivu, na akaibandika ukutani juu ya meza yake badala ya kalenda.

Ujenzi ulianza mvua zilipopungua. Mwanzoni alikwenda mwenyewe kila Jumamosi. Baadaye akawa anasikiliza tu. Javan, ndugu yake, alipiga simu, na Zablon akaiweka kwa sauti kubwa juu ya meza kwa sababu mkono ulichoka kuishika. "Fundi anauliza hii ni nyumba ama ni stesheni," Javan alisema siku moja. "Hii veranda watu wataingojea treni?" "Mwambie ajenge vile imechorwa." "Mama naye anasema ni ya maharusi." "Mwambie mama asubiri." Alipokata simu akarudi kwenye kazi za wateja. Alikuwa amekonda, na mkanda wa suruali aliutoboa tundu jipya kwa ncha ya kompasi ya kuchorea.

Wakati huo hata chai ilikuwa inamkataa. Nilianza kupika uji wa wimbi kule Shirere kabla ya kwenda kazini, mwepesi sana, nikauchuja kwa kitambaa na kuubeba kwenye chupa ya chai. Sikumwambia kwamba nitafanya hivyo na yeye hakunishukuru. Nilimimina, akanywa kwa vijiko. Nilikuwa nachora huku nikisikia kijiko kikigusa kikombe, kisha kimya kirefu, kisha kijiko tena, na katika kimya kile mkono wangu ulisimama juu ya kipanya mpaka nisikie kwamba alichomeza kimepita. Jioni moja nilisikia majirani zangu juu ya ukuta. "Yule dada anabebanga uji kila asubuhi. Ako na mtoto?" "Mtoto wapi. Ako na mzee." "Wacha. Na vile amenyamaza?" "Hao ndio wabaya." Nililala nikiangalia mabati. Singeweza kuwaambia ni uongo kabisa na singeweza kuwaambia ni kweli. Sikuwa mchumba wake. Hakuwahi kunigusa hata mkono. Lakini nilijua ukubwa wa tonge alilokuwa anaweza kumeza kila wiki ya mwaka ule, na hakuna mtu mwingine duniani ninayeweza kusema hivyo juu yake.

Mwisho wa Oktoba hakuja kazini. Javan alimchukua kwa gari la kuazima akampeleka kwao, kwa mama yake. Nilikaa ofisini peke yangu na kompyuta mbili. Nilikuwa nawasha yake pia asubuhi, sauti ya feni yake iwepo. Auntie Flora alipanda mara moja akauliza, "Injinia atarudi lini?" Nikasema sijui. Akaniletea chakula siku hiyo bila kuniuliza nataka nini. Novemba ilikuwa haijaisha Javan aliponipigia.

Nilifika Matungu siku moja kabla ya mazishi, na ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuiona nyumba. Ni jambo la ajabu kukuta kitu ulichokichora kimesimama, kikubwa, na matope yake. Kuta zilikuwa zimekwisha na kenchi zilikuwa juu, lakini paa lilikuwa wazi kama mbavu. Mabati yaliyopatikana yalitosha upande mmoja tu. Javan alikuwa amesimama na fundi kando ya rundo lile, na wanawake walikuwa wameketi chini wakimenya viazi. Nilimsikia akisema waanze kuezeka nyuma, vyumbani, wageni wa kutoka mbali wapate pa kulala. Lilikuwa jambo la busara. Kila mtu pale aliliona hivyo.

"Anzeni mbele," nikasema. "Kwenye veranda."

Javan akageuka. Nilikuwa nimeisikia sauti yake kwa simu miezi mingi lakini hakuwahi kuniona. "Na wewe ni nani yake?"

Wanawake waliokuwa kwenye viazi wakaniinulia macho. Nilitafuta neno ambalo lingenipa haki ya kusimama pale na sikuwa nalo hata moja. "Mimi ndiye nilichora nyumba."

"Asante, dada. Kuchora kumeisha. Sasa ni mabati."

Nilikuwa nimeibandua ile karatasi kutoka ukutani nikaja nayo, sijui kwa nini, labda kumrudishia. Nikaifungua. Javan akaishika, akaitazama kwa kichwa kilichoinama upande. "Mbona uliichora giza?"

"Si giza. Ni saa tisa. Kesho." Nikamwonyesha mstatili chini. "Huyu ni mama yenu, kwa mkeka. Kivuli kinatoka kwa veranda. Mkiezeka nyuma peke yake, atakaa juani."

Aliinua macho akaangalia uwanja mtupu mbele ya nyumba, na miwa nyuma ya ua. "Kwa Hezron alianguka," akasema. Hakuwa ananiambia mimi. "Tulisema ni uchungu."

"Zablon alisema ilikuwa jua."

Alikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati. Nilidhani amekasirika. Kisha akamwita fundi aliyekuwa amekwisha panda nyuma, akamwambia ashuke, alete ngazi mbele. Wageni wangelala kanisani. Misumari ililia mpaka jua likazama, nami nikajiunga na wanawake, nikapewa kisu.

Siku ya mazishi niliketi kwenye nyasi karibu na ua, pamoja na majirani, juani. Mama Rasoa aliketi kwenye mkeka kando ya sanduku, miguu imenyooka, amejifunika kichwa na taulo. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyomfikiria. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine kusema Zablon alikuwa mtu wa namna gani, na wengi walimsema vizuri na bila kumjua. Sikusikiliza sana. Nilikuwa natazama ukingo wa kivuli ulivyokuwa unatoka chini ya veranda. Saa nane ilikuwa haijafika nilipoona kwamba nilikosea. Sikuwahi kufika pale nilipochora, na ardhi niliichora tambarare, mstari mmoja ulionyooka. Kumbe uwanja unateremka kuelekea langoni, na kivuli kilichoteremka nao kilikuwa kinakwenda mbali na mapema kuliko kwenye karatasi. Mwalimu mmoja alikuwa bado anasimulia habari za shule kilipofika kwenye vidole vya miguu vya mama. Kikapanda magotini. Kilipomfika kifuani aliondoa taulo kichwani, taratibu, bila kutazama juu, akalikunja na kuliweka mapajani, akaendelea kumwangalia mwanawe. Hakuna aliyeona. Kivuli kikapita mkeka, kikawafikia wanawake waliokuwa wamemzunguka, kikaendelea kuja.

Nikageuka kushoto, upande ambao kiti cha Zablon kilikuwako ofisini, nimwambie kimepita. Pale alikuwa ameketi mwanamke nisiyemjua. Alinitazama, akadhani jua limenizidi, akajisogeza kando akapigapiga nyasi kwa kiganja, nihamie karibu naye.